Mama Nashilu na Ghala la Kahawa la Sokon I

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba niwasomee safari ya mpendwa wetu Elinipa Ephraimu Kaaya, Mama Nashilu, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Poli, Meru, mtoto wa tatu wa Mzee Ephraimu na Mama Magdalena, wakulima wa kahawa na ndizi, na tangu utotoni alikuwa akiteremka na mama yake kuleta kahawa kwenye ghala hili la ushirika tulimokaa leo, akilala juu ya magunia wakisubiri zamu yao ya mzani.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia 1966 hadi 1972, sekondari mjini Arusha hadi 1976, kisha akasomea ujenzi chuoni na kuhitimu mwaka 1981 akiwa msichana pekee darasani, jambo ambalo hakuchoka kutukumbusha. Mwaka huohuo aliajiriwa serikalini kama fundi sanifu wa majengo, akahudumu Monduli, Babati na Arusha hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2013, na kote huko alijulikana kwamba ukimwita abomoe, atakuja kukarabati.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Lomayani wa Ngaramtoni, na badala ya kudai nyumba mpya aligeuza banda la ng'ombe la wakwe zake kuwa nyumba ya vyumba vitatu, ukweni wakacheka hadi machozi, na mama mkwe wake, Koko Namnyaki, akamletea magadi ya kulamba ng'ombe kama zawadi ya kuhamia. Mama Nashilu alishukuru kwa heshima zote, akayapikia makande, akamkaribisha mama mkwe mezani. Katika nyumba hiyo walizaliwa Nashilu, mwaka 1986, na Lengai, mwaka 1990, ambao wamempatia wajukuu wanne.

Mwaka 2017 wanachama wa ushirika walitaka kulibomoa ghala hili, lililokuwa limefungwa kwa miaka mingi, wajenge ghorofa la vioo, na Mama Nashilu, ambaye kwake ilikuwa kama wanamfuta mama yake, aliwaomba wasubiri hadi mkutano wa tarehe 21 Oktoba, awaoneshe kwamba kuta hizi zinafaa bado kwa mafundi cherehani na watoto wa chekechea. Aliziba paa, akapaka chokaa, akafungua milango, na kwa kupenda mapambo akautundika mlangoni mzani wa zamani, na hapo ndipo alipoteleza, maana Mmeru akiuona mzani mlangoni mwezi wa kumi anajua kahawa inanunuliwa, na kesho yake wakulima waliteremka na magunia yao, mnunuzi hayupo. Waliotaka ghorofa walifurahi, wakasema mkutano umeshaisha kabla haujaanza, lakini yeye akawaambia wakulima, "Kahawa yenu hairudi mlimani," akakitenga chumba kimoja kwenye ramani yake kiwe cha kahawa, akawaita wamama wa kwaya ya usharika waje wakoboe na kukaanga, na siku ya mkutano kila mwanachama aliyeingia amekunja uso alipewa kikombe. Mzee mmoja alikinywa chake chote, akainuka akasema, "Maisha yangu yote nimeileta kahawa hapa, leo ndiyo naionja." Kura zikapigwa, ghala likabaki.

Mwezi Februari 2024 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa kwa uangalizi mkubwa, na hata wodini aliendelea kukagua dari na kuwashauri wauguzi, hadi tarehe 3 Juni 2025 saa kumi alfajiri alipotutoka, akiwa ametuachia agizo moja, kwamba siku ya kumuaga jengo hili lisifungwe. Kwa hiyo harufu ya kahawa mnayoisikia juu ya jeneza lake tangu asubuhi, wapendwa, si utovu wa adabu wa wamama wetu, wao walitaka kuzima majiko walie, tukawakatalia, sasa wanalia huku wanakaanga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ngaramtoni waliolala nasi msibani, wafanyakazi wenzake wa zamani, mafundi cherehani wa ghala hili walioshona vitambaa hivi vya msiba, na usharika wote kwa sala. Pumzika kwa amani, Mama Nashilu, milango tumeiacha wazi.