Gunia la Pili

Mwezi wa Rajabu, mwaka 1960, nilimzika mke wangu. Tulikaa miaka kumi na tisa, naye alikuwa hajafika arubaini. Wengi wenu mlikuwapo makaburini, mkanipa mikono, mkaniambia ni kudura ya Mungu. Nikaitikia. Leo nimeomba ruhusa katika chama chetu hiki cha kuzikana niseme nililolificha siku ile. Nakuombeni mnivumilie, maana mimi si msemaji na shule niliishia darasa la nne.

Sitamtaja mtu kwa jina. Na ule mti pia siutaji. Nawajua nyie, nikiutaja, kesho hautabaki na jani.

Mwaka mmoja na ushei kabla ya msiba ule, karafuu zilipokwisha kuchumwa, alikuja bwana mmoja mgeni anayekusanya miti. Alitaka mtu wa kumwonyesha njia za msituni, nikachaguliwa mimi. Kila mti aliuliza jina lake na watu wanautumia kwa nini, akaandika, akabana majani baina ya magazeti. Siku moja nikamwonyesha mti ambao marehemu mama yangu alikuwa akiutwanga na kuubandika kwenye majipu. Akasema, "Huu nataka gunia zima la majani yake." Tukakausha, tukajaza, akalipeleka kwao.

Nilimuuliza wanaufanyia nini. Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha, lakini nilimwelewa: kule kuna watu wanatafuta dawa ya saratani ndani ya miti. Wanautoa utomvu na kilichomo, wanawapa panya wenye uvimbe, wanatazama. "Miti mingi," akasema, "haifanyi kitu chochote." Hakunidanganya. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Baadaye tumbo la mke wangu likaanza kujaa. Wanawake wakamtania kisimani, "Bibie, umerudi uzazini?" Akawajibu, "Mimba gani hii isiyocheza? Labda nimemeza boga." Alikuwa mtu wa mzaha. Lakini chakula kilimshinda, mabega yakakonda huku tumbo likikua. Nikampeleka hospitali, mjini Chake. Daktari akambonyeza, kisha akaniita pembeni. Alisema kuna uvimbe mahali yanapokaa mayai ya uzazi, na anahofia ni saratani. Avuke Unguja akapasuliwe. "Sikuahidi kwamba atapona," akasema, "lakini msikawie." Akataka mimi mume nikubali. Nikamwambia tutakwenda kushauriana nyumbani.

Kushauriana! Mke wangu alikuwa ameshakata shauri. Njiani aliniambia, "Nipeleke. Kisu nakiogopa, lakini hili linalokua naliogopa zaidi."

Wiki ile ile ikaja barua ya yule mgeni. Wanataka gunia la pili la mti ule ule. La pili, ndugu zangu! Katika miti yote tuliyompa, huo peke yake. Nikakaa nikafikiri kwa akili yangu hii. Nani anaagiza mara ya pili kitu kisichofaa? Basi panya wamepona. Basi dawa ninayo nyuma ya nyumba yangu, na mke wangu akapasuliwe kama samaki kwa sababu gani?

Nikajaza gunia lao. Nikajaza na sufuria yangu.

Siku ya kwanza alitapika. Nikasema ndiyo dawa inafanya kazi. Siku ya nne akakishika kikombe, akanitazama, akasema, "Haya. Wazungu wana panya wao, na weye panya wako ndiye miye." Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Akanywa, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia anywe.

Ilikuwa miezi miwili. Mara mbili aliniomba tena nimpeleke Unguja. Mara ya tatu hakuniomba mimi, alimtuma dada yake aje kuniomba. Nikamwambia shemeji, "Mwache, dawa haijamwingia vizuri." Tulipomrudisha Chake tulimbeba juu ya kitanda. Yule daktari hakunigombeza. Alisema tu kwamba sasa hata Unguja hawatampasua. Akarudi nyumbani kufa.

Mlipokuja kunihani nilinyamaza, na kunyamaza kwangu mkakufasiri mlivyotaka. Mkaanza kuambizana kwamba fulani ana mti unaotakiwa Ulaya.

Mgeni alirudi baadaye. Nikamuuliza ni panya wangapi waliopona.

"Panya gani?" akasema. "Gunia la kwanza liliota ukungu ndani ya meli, likatupwa. Ndiyo maana nikaomba jingine."

"Na hilo jingine?"

"Linangoja zamu yake. Halijajaribiwa."

Nikakaa chini pale pale njiani. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua.

Tangu siku ile niliacha kukaa na watu. Nikiswali nyumbani, nikichimba muhogo wangu, sisemi na mtu. Mlidhani ni majonzi ya mgane. Majonzi yalikuwapo, lakini kilichonifungia ndani ni aibu.

Mwezi uliopita wakaja kwangu mtu na mkewe. Mke amejifunga kanga mbili juu ya tumbo. Hospitali wameshakwenda, wakaambiwa maneno yale yale niliyoambiwa mimi. Mume akasema, "Yakhe, tusaidie majani. Tunajua unayo."

Nilikuwa nayo kweli, makavu, darini. Ningeweza kusema yamekwisha, wakaenda zao, nikabaki na heshima yangu. Nikafungua kinywa niseme hivyo. Yule mke akanikatiza. "Si mkeo ulimpa, akapata nafuu kabla siku yake haijafika?"

"Nani kasema alipata nafuu?"

"Watu."

"Alitapika miezi miwili, akafa," nikasema. Nikawaeleza yote, mpaka ukungu.

Mume akainuka. "Sema hutaki kutusaidia! Mti unawafaa Wazungu, siye hatuustahiki?"

Mkewe akamvuta kanzu. "Hebu kaa! Nani atajisingizia jambo kama hili?" Akanigeukia. "Angepasuliwa angepona?"

"Sijui. Na nitakufa sijui. Ninalojua ni kwamba alitaka kwenda, na mimi ndiye niliyemzuia."

Akazikaza kanga zake. Kisha akamwambia mumewe, si mimi, "Miye nakwenda."

Ndugu zangu, namshukuru shemeji yangu, aliyelijua hili tangu mwanzo na hakuacha kuniletea chakula kila Ijumaa. Namshukuru yule bibi aliyenikatiza uongo wangu ungali mdomoni. Sisemi miti ya wazee wetu haina dawa. Huenda hata ule mti siku moja ukaonekana una kitu. Acheni ujaribiwe huko kwenye panya, muda wowote utakaochukua. Lakini mgonjwa wako usimngojeshe, na akikwambia nipeleke, mpeleke. Yale majani nimeyachoma.

Jumatatu iliyopita walianza safari ya Unguja. Nilimbebea yule bibi mzigo wake mpaka barabarani. Akapandishwa kwenye lori, mumewe akapanda baada yake na mto wa kumwegemezea. Nikamnyoshea mume mkono. Akautazama, akageuza uso. Lori likaondoka kwenda Chake.