Mheshimiwa Kahama na Kiti Chetu

Mtaani kwetu mtu akitaka kujua nani ni wa chama gani haulizi. Anatazama kichwa, kisha anatazama miguu. Upande huu wa barabara, kwenye benchi letu la Chama cha Ndoo, viatu vimeshonwa vikashoneka, lakini nywele zimekuwa kichaka ambamo ndege angetaga na asidaiwe kodi. Upande wa pili, mbele ya kibanda cha Kinyozi, ndiko wanakokaa wa Chama cha Pasi: vichwa laini kama mayai, vidole vya miguu vinachungulia nje ya viatu kama watoto wanaochungulia wageni. Sababu ni kwamba fundi viatu wa mtaa, tunayemwita Soli, ni wa Ndoo, na kinyozi wa mtaa ni wa Pasi, na tangu kampeni pande zote mbili ziliapa hakuna kuvuka. Na sababu ya hiyo sababu ni kwamba hao wawili ni ndugu, baba mmoja mama mmoja, na hawajasemezana tangu siku Soli alipopandishwa jukwaani na Mheshimiwa wetu, akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba anayempinga Mheshimiwa si kaka yake tena. Mimi wananiita Pasipoti, kwa kuwa nimezunguka nchi za watu, na kila nilikokwenda nimejifunza jambo lisilonisaidia chochote ninaporudi. Nimeona watu wakigoma kula na wakigoma kazi. Kugoma kunyolewa nimekuonea hapa hapa nyumbani, na kichwa kinachowasha ni changu mwenyewe.

Asubuhi hiyo redio ikasema: Mheshimiwa wetu, tuliyemchagua kwa tiketi ya Ndoo, amehamia Pasi. Kiti cha ubunge amebaki nacho.

— Haiwezekani, alisema Spika. Spika huyu wa benchi letu zamani alikuwa karani wa mizani sokoni. Siku hizi anapima maneno tu, na mizani yenyewe imelegea.

— Imewezekana, bwana, alijibu Dokta. Sauti umeisikia mwenyewe.

Dokta hajatibu hata kuku. Anatengeneza redio, na hiyo tuliyokuwa tunasikiliza ilikuwa ya mteja.

— Sauti nimeisikia. Akili ndiyo sijaisikia, alisema Spika. Jamani, tumieni vichwa.

— Vichwa vipi? Mama Vikombe, muuza kahawa wetu, akacheka huku akimimina. Hivyo? Kwanza mvitafute viko wapi humo ndani.

— Mama, usituingilie. Hii ni siasa.

— Siasa gani? Jana mlisema yule mtu akihama, jua litachomoza magharibi. Nimeamka mapema kulitazamia. Limetokea pale pale lilipozoea.

Soli alikuwa kwenye kigoda chake mwisho wa benchi, kiatu mapajani, misumari mdomoni. Nyundo ndiyo iliyosema: ko, ko, ko.

— Sikilizeni, Spika akashusha sauti. Wahenga walinena, kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake ni nini? Maana yake ukitaka kumla mtu, ingia nguoni mwake. Mheshimiwa ametumwa! Ameingia ndani ya Pasi kama chawa. Atawawasha humo mpaka wavue nguo wenyewe.

— Nani kamtuma? nikauliza.

— Sisi.

— Sisi nani? Mimi sijawahi kumtuma hata sigara.

— Chama, Pasipoti! Siri za chama haziwafikii watu wa benchi.

— Wewe zimekufikiaje?

— Mimi nimekaa pembeni.

Dokta alitikisa kichwa kwa huruma, kama kweli ni daktari na sisi tumechelewa kuletwa.

— Mimi ni mtu wa sauti, alisema. Mheshimiwa wa kweli, kabla ya kusema “wananchi”, anakohoa. Kila mara. Huyu wa leo amesema “wananchi” kavu kavu. Huyu si yeye.

— Huenda kifua kimepona, alisema Mama Vikombe.

— Ghafla hivyo? Mtu akipata chama kipya anapewa na mapafu mapya?

— Inategemea chama, nikachangia.

— Huyu ni wa bandia, nawaambieni. Wa kweli wamemfungia chumbani. Yuko huko anapiga kelele, “Mimi ni Ndoo! Mimi ni Ndoo!” Nao wanadhani anataka kuoga.

— Na mkewe tuliyemsikia ubavuni mwake akipiga vigelegele? aliuliza Mama Vikombe.

— Bandia.

— Na watoto, aliowataja mtangazaji?

— Wa kuazima. Umewahi kusikia watoto wa mwanasiasa wametulia vile?

Ng'ambo ya barabara nako hakukuwa na sherehe. Siku nyingine chama chao kikishinda hata mchezo wa bao wanapiga ngoma za debe. Leo mmoja wao alikuwa ameshika brashi na maji ya sabuni, anasugua ukuta ambapo wenyewe walimchora Mheshimiwa ana masikio ya punda. Sikio moja lilikuwa limefutika. La pili lilikuwa linakataa. Kinyozi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, ametazama kioo, mgongo barabarani.

Nikaona aibu kuwa na safari zote zile bila nadharia.

— Nilipokuwa nchi moja ya baridi, nikaanza, na wote wakaguna, kwa kuwa hadithi zangu zote zinaanzia kwenye baridi. Nilikuwa stesheni, nimekaa ndani ya treni. Dirishani naona treni ya jirani inaondoka. Nikawapungia mkono wale abiria. Nikawaambia safari njema, maskini ya Mungu. Kumbe wao wamesimama. Ni sisi tunaoondoka, na begi langu nimeliacha kwenye benchi la stesheni.

— Hiyo inahusu nini? alisema Spika.

— Inahusu kwamba Mheshimiwa hajahama. Mheshimiwa amekaa pale pale, juu ya kile kile kiti. Sisi ndio tuliohama.

Nilitegemea wanitupie vikombe.

— Hoja nzito, alisema Spika polepole. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye ameinama tu, sisi tukadhani ameondoka.

— Kwa hiyo sisi ndio Pasi sasa? aliuliza Dokta.

— Kwa hesabu hiyo, ndiyo.

— Na wale ndio Ndoo?

— Masikini, ndiyo. Na hawajui.

Dokta aliingiza vidole vyote kwenye nywele, akajikuna kwa uchungu wa moyo.

— Basi... kama sisi ni Pasi... si tunaruhusiwa kunyolewa pale?

Nyundo ilinyamaza. Soli akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

— Hakuna anayevuka, alisema.

— Lakini Soli, ndugu yangu, Mheshimiwa...

— Sikusema na Mheshimiwa. Nilisema neno juu ya kaka yangu mbele za watu, kwenye kipaza sauti. Mtaa mzima ulisikia. Neno kama hilo litarudije mdomoni?

— La Mheshimiwa limerudije? aliuliza Mama Vikombe. Kipaza sauti si kile kile? Tena lake amelimeza bila kutafuna.

— Yule hana haya.

— Na wewe haya unayo, ndiyo maana mama yako anakula peke yake.

Hapo hata mimi niliangalia kikombe changu.

— Nilimpelekea kahawa juzi, aliendelea Mama Vikombe, sasa sauti yake haina mzaha. Asubuhi anakuja Kinyozi, anakaa barazani. Jioni unakuja wewe, unakaa pale pale. Mchana hakuna mtu. Akaniuliza, “Mwanangu, hivi hawa wanangu wamegawana jua?” Nikakosa la kumjibu. Mimi, Soli! Mimi kukosa la kusema!

— Yeye ndiye mkubwa. Aje yeye.

— Naye anasema wewe ndiye uliyetamka. Uje wewe.

Soli akarudisha misumari mdomoni, na maongezi yake yakaishia hapo.

Ndipo akatokea kijana mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Suti imempendeza, lakini kiatu cha kulia kimeachama kama kimeona jambo. Alikuwa anatembea kwa kuburuta, hatua moja ya bwana harusi, hatua moja ya majeruhi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Karibu, mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Spika. Kwa mara ya kwanza maishani mwake methali ilikuwa imekaa mahali pake, naye hakujua.

— Fundi, niokoe. Naenda ukweni, ndiyo mara yangu ya kwanza, na kiatu kimenikana njiani.

Soli alinyoosha mkono, akakipokea, akakikunja, akaguna. Kijana akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, hataki soksi iguse vumbi. Akajipapasa kisogoni.

— Na nywele nazo zimenizidi. Hapa wananyoa wapi?

Spika alikohoa vizuri kuliko Mheshimiwa. Dokta akaanza kuzungusha kitufe cha redio.

— Yuko mmoja, alisema Spika. Kule, ukivuka daraja.

— Ni mbali?

— Si mbali, nikasema, ukiwa na viatu.

— Na yule pale je? Kijana alinyoosha kidole ng'ambo. Kiti anacho, kioo anacho, mteja hana. Hajui kunyoa?

— Kujua anajua, alisema Dokta, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaja chakula akiwa na njaa. Anajua sana.

— Sasa?

Basi tukamweleza. Tukamweleza wote kwa pamoja: Ndoo, Pasi, jukwaa, kiapo, Mheshimiwa, chawa, mapafu mapya. Mimi nikamtilia na treni kidogo. Alisikiliza kwa adabu, mguu juu. Tulipoishiwa pumzi, akamgeukia Soli.

— Samahani, kaka. Nauliza nielewe tu. Mlikosana kwa sababu ya huyo Mheshimiwa?

— Ndiyo.

— Wewe ulimtaka, kakako hakumtaka.

— Ndiyo.

— Na leo unamtaka?

— Sitaki hata kumsikia.

— Na kakako?

Soli hakujua. Aliyejua ni mwenye birika, ambaye barabara ile anaivuka apendavyo.

— Nimempelekea kahawa mara baada ya redio kutangaza, alisema Mama Vikombe. Ameniambia yule mtu hata angehamia chumbani kwake, yeye angelala nje.

— Basi mnakubaliana, alisema kijana. Sasa mmenuniana kwa ajili ya nani?

Spika alifungua mdomo, akawatafuta wahenga wake wote, hakuna aliyeitika. Dokta aliizima redio bila kuambiwa. Mimi nilizipitia kichwani nchi zote nilizowahi kufika, hata zile nilizopita usingizini, nikarudi mikono mitupu.

Soli alisimama. Aliondoka vile alivyokuwa, aproni imemning'inia, kiatu cha watu mkononi, akaingia barabarani bila kutazama kulia wala kushoto. Lori likampigia honi. Hakugeuka.

— Anavuka! alisema Dokta.

— Fundi! Kiatu changu! Kijana naye akamfuata, akirukaruka kwa mguu mmoja, suti na tai vikirukaruka pamoja naye.

Ng'ambo, brashi ilisimama ukutani. Kinyozi alimwona mdogo wake kwenye kioo kabla hajafika. Hakugeuka upesi. Aliinuka, akakung'uta kiti ambacho hakikuwa na unywele hata mmoja, akakikung'uta tena.

— Wanasemaje? alinong'ona Spika.

— Funga mdomo tusikie, alisema Mama Vikombe.

Maneno ya kwanza ya Kinyozi yalitoka kwa ukali, kama ya mtu aliyeyatunza muda mrefu mpaka yakachacha.

— Kichwa hicho ndicho unachompelekea mama kila jioni?

— Kinyozi wetu alikuwa hanisemeshi.

— Kaa.

Soli akakaa. Kaka yake akamfunga kitambaa shingoni, kisha akaweka mkono juu ya zile nywele, akauacha pale. Mashine ilikuwa karibu, hakuichukua. Mimi si kinyozi, lakini najua kupima kichwa hakuchukui muda wote ule.

— Ukitoka hapa tunakwenda, alisema.

— Asubuhi ni zamu yako wewe. Yangu ni jioni.

— Zamu zimekwisha, mdogo wangu. Inama.

Upande wetu Mama Vikombe alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga na kusingizia moshi wa jiko. Spika peke yake ndiye aliyekumbuka sheria. Alijisimamisha, akavuta shati chini.

— Kanuni ni kanuni. Aliyevuka amevuka. Natangaza kwamba kigoda cha Soli kiko wazi, na tutaitisha uchaguzi mdogo.

— We mzee! Mama Vikombe akamgeukia. Mbunge kahama na kiti chenu, mmekaa asubuhi nzima mnamtafutia udhuru. Fundi viatu kaenda kwa kaka yake, kaacha kigoda, nyundo na misumari yake yote, ndiyo unataka uchaguzi?

Akaliinamisha birika juu ya kikombe changu. Likatoa tone moja, likafikiri, likakataa la pili.

— Kahawa imekwisha, alisema. Nendeni mkanyolewe.

Dokta alikuwa ameshafika katikati ya barabara. Nilimfuata, nikijiambia kwamba nimevuka mipaka mingi na hakuna uliowahi kuniwasha kichwa namna hii. Nyuma yetu Spika aliendelea na uchaguzi wake. Alikuwa mgombea peke yake na mpiga kura peke yake, na tulipogeuka alikuwa anadai kura zihesabiwe upya.