Tepu ya Watoto wa Kusini

Mgeni rasmi, wazee wetu na wenzetu nyote, assalaam aleikum.

KARIBU

Karibu Vuga, karibu chumba cha kompyuta. Busati tumelitandika likaishia mlangoni, maana mashine hizi vumbi hazilitaki hata kuliona. Na ukihisi baridi usitushangae. Humu bibi harusi ni mashine, sisi wapambe tu.

TULIKOTOKA

Kompyuta yetu ya mwanzo ilikuja baada ya Mapinduzi, ikapewa kazi ya kutunza majina ya watoto wa kuchanjwa ndui. Majina yalikaa kwenye tepu, yaani gurudumu la utepe mwembamba. Tepu ya Kusini ina watoto wa Jambiani, wa Makunduchi na wa vijiji vya kati, na unaitia kwapani ukatembea nayo! Subhanallah. Mwenzetu Bi Mashavu, mkewe Usi wa Michenzani, hajapata kuibeba bila ya bismillahi. Mashine yenyewe ililiwa na chumvi ya bahari mpaka ikafa.

MAAJABU TULIYOYAONA

Marafiki wa nchi za nje wakatuletea mpya. Lugha ya marehemu haikuijua, lakini fundi wetu Muhiddin akaitia programu ya kuiga, ijifanye ile ya zamani. Loo! Tuliyoyaona siku ile hatutayasahau. Marehemu aliamka ndani ya mwili wa mwengine, akatuuliza maswali yake yaleyale, na ukaidi wake uleule. Mashavu alishika mdomo.

Ila mwigaji hufuata unachomwambia. Mashine ya zamani ilikuwa na makabati mawili ya kuzungushia tepu, moja la kusoma na moja la kuandika. Sharti uiambie hii mpya kabati lake lipi lisimame badala ya lipi. Ukikosea, itaandika juu ya watoto, na walioandikwa juu yao ndio washafutika.

YALIYOTUKUTA

Asubuhi moja, siku ya kutoa majina ya chanjo, zamu ilikuwa ya Mashavu. Akaiambia mashine: kabati la kwanza lisome, la pili liandike. Tepu ya watoto akaitundika kabati la kulia. Kwetu cha kwanza huanzia kulia. Ndivyo tulivyosoma Kurani chuoni, ndivyo tunavyokula, na makabati ya zamani tuliyapanga hivyohivyo. Kumbe waliounda hii wanahesabu kutoka kushoto, na namba wamezibandika nyuma, ukutani.

Programu huanza kwa kuandika tarehe kwenye kabati la pili, na kwa hesabu yao la pili ni hilo la kulia. Kabati la kulia likashtuka, likasimama, taa nyekundu ikawaka. Taipureta ikachapa kwa lugha ya wenyewe: pete haipo, siandiki. Mashavu akatazama, akaona ni tepu gani, akapiga ukelele.

"Nshawafuta! Nshawafuta watoto wa watu!"

Muhiddin akafungua kabati. Kila tepu ina pete ya plastiki mgongoni. Ikiwepo, mashine huandika, ikitolewa, husoma tu.

"Hujafuta hata mmoja, Bi Mashavu. Pete kaitoa nani?"

"Mimi. Kila nkiichukua huitoa kwanza. Siiamini mikono yangu, Muhiddin. Watoto wa watu hawa."

Tepu haikuguswa. Mashavu aliiambia tu mashine upya kwamba kabati la kulia ndilo la kwanza, na karatasi ikaanza kumwagika mpaka sakafuni: Time wa Jambiani, Kificho wa Makunduchi, Tabia, Mjaka. Alikaa chini akiyasoma huku machozi yanamtoka. Siku hiyohiyo wachanjaji wakaondoka na karatasi zile.

TUNAYOYAOMBA

Tunaomba kopo la rangi, namba tuziandike mbele ya makabati. Tunaomba pia feni za ndani ya mashine, za sasa zimechoka.

La mwisho ni zito, na mkuu wetu Bwana Simai, aliyekaa ubavuni pako, atuwie radhi. Yeye amemsimamisha kazi Mashavu kwa kuitia tepu hatarini. Ni kweli aliitia, hatumtetei kwa uongo. Lakini barua ya kumsimamisha haikuitaja pete. Wiki ijayo tepu ya Kusini inapanda tena kabatini, na kila mmoja wetu anamsukumia mwenzake aibebe.

Kila asubuhi Mashavu huja akasimama uchochoroni, nje ya dirisha lile, akasikiliza makabati yakizunguka, kisha hurudi kwao Michenzani. Hata sasa hivi yupo. Mgeni rasmi, hatukuombi uandike kitu. Mwite kwa jina lake tu, ataitika.

Mwenyezi Mungu akupe afya na moyo wa huruma, na akurejeshe kwako salama.

Ni sisi, wafanyakazi wote wa Chumba cha Kompyuta, Vuga, Mashavu akiwemo.