Edinah Nyakerario na Programu Isiyouzwa

Wapendwa wetu mliotoka Kebirigo, Itumbe na mjini Kisii, tunawasomea safari ya mama yetu Edinah Nyakerario, aliyezaliwa Kebirigo tarehe 14 Machi 1971, akasomea huko huko shule ya msingi na ya upili, na mwaka 1993 akapata cheti cha uhasibu mjini Kisii, ambako Mzee Subhash na mkewe Bharti walimwajiri katika duka lao la vifaa vya ujenzi, asitoke tena.

Tarehe 7 Desemba 1996 aliolewa na Haron Momanyi, mkulima wa chai wa Itumbe, wakajaliwa Natasha na Joash, wanaojua kwamba mama yao alikuwa mtu wa ndoto, alikuwa akisimama shambani na kikapu mgongoni, ukungu umemfunika hadi kiunoni, akasahau kuchuma, lakini ukitaja kodi aliamka mara moja, maana hakukubali duka lilipe hata senti hamsini ambayo sheria haikuidai.

Tangu 2017 duka lilitumia programu ya kompyuta ya kuhesabu bidhaa iliyoandikwa na Mwalimu Nehemiah wa Kebirigo, ambayo haiuzwi, yeyote huichukua, akasoma maandishi yake ya ndani na kuirekebisha, na Nehemiah aliposema mwaka 2022 kwamba ataiacha kwa kuwa haimlishi, Edinah alimwomba Mzee Subhash amchangie kila mwezi, ila mshauri wa kodi akasema huo si msaada wa hisani, kwa kuwa Nehemiah si shirika lililosajiliwa, wala si gharama ya biashara, kwa kuwa kitu cha bure hakilipiwi, hivyo pesa hizo zingetozwa kodi kwanza. Mama alizunguka ofisi miaka mitatu akitafuta nafuu ya kodi, akirudi na fomu zinazouliza ni nani anayefaidika, na alituambia kwa upole kwamba hao wanaofaidika anawaona, ni wengi, wanapita katika ukungu, hawajuani.

Juni 2025 figo zilianza kumsumbua, na Ijumaa tarehe 7 Novemba, akiwa kitandani hospitalini, alimwambia Mzee Subhash alipe tu kodi yote, kisha ampe Nehemiah mchango wake, jambo lililotushangaza kuliko ugonjwa wenyewe, na pesa zikatumwa kwa benki jioni ile. Alituacha Jumapili, tarehe 9, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchumia chai, na wenzake wa dukani, waliofunga duka leo ili wawe nasi.

Mama, alfajiri ile uliuliza kama pesa zimefika, tukakujibu ndiyo, na tulikudanganya, kwa sababu hatukuweza kukuona ukiondoka na wasiwasi. Zilifika Jumatatu saa nne asubuhi, Nehemiah yuko hapa, na amesema anaendelea. Sasa ni kweli, Mama. Pumzika, pumzika kwa amani.