Mama Leonida Nabwire, Aliyetengeneza Mayai Asiyoyala

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Leonida Nabwire Egesa atavua aproni yake kwa mara ya mwisho katika jiko la Hoteli ya Mpaka Mwema, Malaba, baada ya kuivaa kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Aliajiriwa Julai 1996, wakati hoteli ilikuwa na vyumba kumi na viwili, jiko la kuni, na mwavuli mmoja ambao wahudumu walipokezana kila mvua iliponyesha. Leo tuna vyumba sitini na ukumbi wa watu mia tatu. Mwavuli ulipotea zamani. Mama Leonida alibaki.

Uongozi umeniomba mimi, Callistus Elungat, msimamizi wa jiko, niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe. Niliambiwa niandike kwa uchangamfu. Nimejaribu, na pale nilipoweza msomaji ataona. Pale niliposhindwa ataona pia.

Mama Leonida alizaliwa Nangina mwaka 1965 na kujifunza upishi kwa kuwasaidia masista wa misheni. Ameolewa na Mzee Egesa, fundi wa baiskeli, na wamejaliwa watoto wanne na wajukuu ambao idadi yao huongezeka kila ukimuuliza. Hapa kazini alianza na kuosha sufuria, akahamia kwenye chapati, kisha akapewa meza ya vitafunio. Kwenye meza hiyo ndipo jina la hoteli hii lilipotengenezwa, na wala si kwenye ile bustani ya chemchemi inayopigwa picha kila siku.

Ilikuwa mwaka 2001. Kikundi cha mawakala wa kupitisha mizigo kilikuwa na sherehe, na gari lililokuwa likileta nyama ya mishikaki likaharibika njiani. Wageni walisimama ukumbini na soda mkononi, wakitazama mlango wa jiko kwa macho yasiyo mazuri. Kulikuwa na trei sita za mayai. Mama Leonida aliyachemsha yote, akayamenya, akayakata katikati, akatoa viini na kuviponda pamoja na mayonezi, haradali kidogo, ndimu, dhania, mrehani na majani ya vitunguu yaliyokatwa laini. Hakuwa na kifaa cha kujazia, kwa hiyo alikata ncha ya mfuko wa plastiki na kuukamua mchanganyiko urudi kwenye nusu za mayai kwa mapambo ya mawimbi. Juu akanyunyiza pilipili nyekundu. Nyama ilipofika, wageni waliuliza kama mayai yamekwisha.

Tangu siku hiyo hakuna harusi, mahafali wala mkutano wa maana kati ya Amagoro na Amukura uliokosa mayai ya majani ya Mama Leonida. Aliyafanyia kazi kwa namna yake. Hakukubali yai la siku hiyo, kwa sababu yai jipya sana hukataa kumenyeka na kubaki na mashimo. Alinunua trei wiki moja kabla na kuzifungia stoo, na ufunguo akautia kifuani. Usiku wa kuamkia sherehe aliyalaza mayai ubavu ili kiini kisiegemee upande mmoja. Dhania na mrehani alipanda mwenyewe nyuma ya jiko katika mitungi ya mafuta iliyokatwa nusu, na ole wake mhudumu aliyemwaga maji ya sabuni karibu na mitungi hiyo.

Visa havikukosekana. Katika harusi moja ya Amukura, mjomba wa bwana harusi alirudisha sahani yake kwa hasira, akitaka kujua ni nani aliyekula nusu nyingine ya yai lake kabla hajaletewa. Ilibidi Mama Leonida atoke jikoni na kumwekea nusu mbili pamoja, zikakutana, ndipo mzee akakubali kula. Wakala mmoja wa mizigo naye aliyapenda hata akaficha sita katika mfuko wa koti ampelekee mkewe, kisha akalikalia koti hilo hadi Busia. Alirudi Jumatatu kuomba mengine, na hakuna aliyemuuliza yale ya kwanza yaliishia wapi.

Sasa niseme jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Mama Leonida hajawahi kula yai. Nyumbani kwao, kama katika nyumba nyingi za wazee wetu huku, kuku na mayai vilikuwa vya wanaume na wageni. Nyanya yake hakula, mama yake hakula. Wasichana wetu wa jikoni, akina Terry na Everline, ambao hushusha mayai matatu kabla ya saa mbili asubuhi, walimtania sana kwa hilo, naye alicheka pamoja nao bila kubadilika. Alieleza kwamba haogopi kitu chochote. Alimwahidi mama yake, na mama hayupo tena wa kumwomba amfungulie ahadi hiyo.

Kwa hiyo alihitaji mtu wa kumwonjea. Kuanzia mwaka 2004 mtu huyo alikuwa mimi, wakati huo nikiwa mhudumu wa mezani tu. Kabla sinia halijatoka, aliweka nusu moja kwenye kisahani, akakunja mikono na kunitazama paji la uso nikitafuna. Nikisema chumvi bado, aliongeza. Nikisema ndimu imezidi, alipunguza kwa kiini kingine. Hakubishana nami hata siku moja. Ulimi wake ulikuwa kinywani mwangu, na mimi nilitembea hotelini nikijiona mtu mkubwa. Hakuna cheo nilichopewa baadaye kilichonipa raha kama kile kisahani.

Desemba 2014, mpishi mkuu wetu, Mzee Methuselah, alistaafu. Kila mtu jikoni alijua nafasi yake ni ya nani. Mama Leonida mwenyewe alishona aproni mpya, na tulimwona akiuliza bei ya kofia ndefu ya mpishi. Wenye hoteli walipanga kuja kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, wapate chakula, waone jiko, kisha watangaze mpishi mkuu mpya.

Wiki hiyo mayonezi tuliyoizoea iliadimika madukani, tukaletewa nyingine kutoka ng'ambo ya mpaka. Ilikuwa na chumvi nyingi kuliko ile yetu. Mama Leonida hakuwa na njia ya kujua. Alitia kipimo chake cha siku zote, akaweka nusu ya yai kwenye kisahani, akaniita.

Mimi nilikuwa na homa ya siku ya tatu. Pua imeziba, kinywani hakuna ladha. Asubuhi nilikunywa chai ambayo baadaye niliambiwa haikuwa na sukari. Nilipaswa kusema hivyo. Lakini Austin, mhudumu mwenzangu, alikuwa amesimama pale pale mlangoni, na siku nyingi alitamani kuitwa yeye kuonja. Niliona nikikiri siwezi, kisahani kitakwenda kwake na hakitarudi. Nikatafuna, nikatingisha kichwa kama mtaalamu, nikasema iko sawa. Mayai mia mbili na arobaini yakatoka.

Sitasahau ukumbi ule. Watu waliuma mara moja na kutafuta maji. Nusu za mayai zilifungwa katika karatasi za kupangusia mikono na kuachwa chini ya viti. Mwenyekiti wa wenye hoteli alirudisha lake kwenye sahani polepole, kisha akaja jikoni na kuuliza kwa upole nani anahusika na mayai.

"Mwenye mayai ni mimi," Mama Leonida alisema.

Aliulizwa kama aliyaonja. Akasema hapana, yeye hali mayai. Mwenyekiti aliduwaa. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, kwenye sinki, nikiosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Nilisubiri ataje jina langu, na hakulitaja. Nilisubiri mdomo wangu ufunguke, na haukufunguka. Wiki iliyofuata barua iliwekwa katika faili yake ikisema kwamba mpishi asiyeonja chakula chake hafai kuongoza jiko. Akaletwa mpishi mkuu kutoka mbali. Baada yake wakaja wengine wawili, na wote watatu walifundishwa na Mama Leonida mahali vitu vinapowekwa, wageni gani hawali pilipili, na namna ya kumenya yai bila kulichubua. Aproni ile mpya sijawahi kumwona akiivaa.

Mimi niliendelea kuitwa kuonja. Mwanzoni nilinyamaza nikiogopa kufukuzwa. Baadaye nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza muda mrefu mno. Mwaka 2019 nikafanywa msimamizi wa jiko, na tangu hapo mimi ndiye ninayemtilia saini ruhusa ya likizo mwanamke aliyepaswa kunitilia mimi. Kila nilipoishika kalamu hiyo niliona aibu. Nilitia saini hivyo hivyo.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, nilikwenda kwake Nangina Jumapili moja baada ya misa, kwa kisingizio cha kuhakikisha tarehe. Mzee Egesa alinikaribisha, Mama Leonida akaniletea chai, na kabla haijapoa nikamwambia yote: homa, Austin mlangoni, kisahani. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakuacha kuchambua.

"Callistus, nilijua uko na homa," akasema. "Ulikuwa unaongea na pua tangu asubuhi. Nilikuita nikitaka wewe mwenyewe useme huwezi."

Nikamuuliza kwa nini basi aliacha sinia litoke. Alisema kwa miaka kumi sikuwa nimemdanganya hata mara moja, kwa hiyo niliposema iko sawa alidhani labda homa haijafika ulimini. Alilisema hilo bila uchungu wowote sautini, na ndipo nilipoelewa kilichopotea siku ile kilikuwa zaidi ya nafasi ya kazi. Nikaanza kumwomba radhi. Akaniinulia mkono.

"Mimi hiyo najua kitambo," akasema. "Enda uambie wale hawajui."

Ndiyo maana wasifu huu umekuwa hivi. Nilimpelekea meneja wetu, Bi. Mercyline Mulama, karatasi hizi kabla hazijachapwa, nikimweleza kwamba akitaka kuniondoa kazini baada ya kuzisoma ana haki. Alizisoma mara mbili. Alisema masuala yangu atayashughulikia baada ya sherehe, na kwamba wasifu utachapwa ulivyo. Maelezo yangu, yenye saini, sasa yamo katika faili ya Mama Leonida, juu ya ile barua. Niliuliza kama anaweza kupewa cheo cha mpishi mkuu, hata kwa siku zilizobaki. Jibu lilikuwa kwamba nafasi ina mtu, na kwamba mtu hapandishwi cheo akiwa mlangoni anatoka. Kwa hiyo cheti atakachokabidhiwa kimeandikwa mpishi wa vitafunio, na hakuna ninachoweza kufanya.

Mama Leonida, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mpaka Mwema, nakushukuru kwa miaka ishirini na tisa ya mikono yako, kwa mawakala uliowalisha wakiwa wamesimama, kwa maharusi wasiohesabika, na kwa wasichana wa jikoni ambao leo wanaweza kuendesha meza ya vitafunio bila wewe, ingawa wanasema hawataki. Hujaniambia kama umenisamehe, na sitakuuliza. Nilinyamaza mbele ya watu, na mbele ya watu wale wale, kila mmoja na nakala hii mkononi, nakuomba radhi. Tunakuombea mapumziko yenye afya na amani huko Nangina, wewe na Mzee Egesa, na wajukuu wakuzunguke.

Na kwa wenye hoteli, ambao najua mmeketi safu ya mbele: mayai yale hayakuharibiwa na mpishi. Niliyaharibu mimi, na cheo kile kilikuwa chake.