Mshenga wa Nzi Aaga Kituo

Tarehe 30 Juni, mwenzetu wa kitengo cha uachiliaji, ambaye kituo kizima kinamwita Mshenga, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Mkurugenzi ameniomba niandike maneno machache. Kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja na kuvumilia miluzi yake kila asubuhi, naona nina haki ya kuzidisha kidogo.

Alianzia jikoni. Kwetu sisi jikoni ni mahali pa kuwapikia mabuu: pumba za ngano, sukari, hamira na maji, vinakorogwa mpaka viwe uji mzito. Harufu yake ikiingia kwenye nguo haitoki kwa sabuni moja. Mkewe, ambaye ni mwalimu, alimwekea sharti avue shati nje kabla ya kubisha hodi, na majirani wakazoea kumwona akiingia kwake kifua wazi hata siku za baridi.

Kutoka jikoni alihamia uachiliaji, na huko ndiko alikopata jina. Kwa msomaji asiyeijua kazi yetu, nzi wa matunda aliingia nchini bila kualikwa, amejificha ndani ya shehena. Jike hutaga mayai kwenye tunda, na mabuu hulila kuanzia ndani. Sisi tunawafuga nzi haohao kwa mamilioni, tunawapitisha madume kwenye mionzi wakiwa bado wamejifungia ndani ya ganda, nao hutoka wazima, wachangamfu, ila hawazalishi. Tunawaachilia mashambani. Jike akikutana na dume wetu, mayai yake hayaanguliwi, na msimu hadi msimu ukoo unapungua. Mpishi wetu wa mabuu alipomwona akipakia mifuko garini alisema huyu ni mshenga, kutwa anapeleka mabwana harusi. Jina likamganda.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa shamba la mama mkwe wake. Mama huyo, mjane, alisomesha watoto wake wote kwa michungwa ile. Nzi walipoingia, kila msimu akawa anaokota machungwa yaliyooza chini, hadi akaapa kuikata yote apande mahindi. Mwenye msumeno alishakuja kuitazama. Mshenga akaomba tuanze na shamba hilo. Tulimwonya kwamba anajipalia makaa, kwani ukioa kwa watu huendi kuwamwagia wadudu uani. Hakusikia la mtu.

Siku ya kwanza alifungua mifuko, nzi wakatoka kwa maelfu wakatua kwenye majani, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye kilemba cha mama mwenyewe. Mama akasimama mlangoni akauliza kwa sauti iliyofika barabarani, "Binti nimekupa, na bado unaniletea nzi?" Gari letu lilipoondoka tu, akajitwika bomba la dawa akapuliza shamba zima. Kufikia jioni mabwana harusi wote walikuwa wamelala chali.

Mwingine angeandika ripoti kwamba mkulima amekataa, basi yaishe. Mshenga, akijua kwamba mkwe habishiwi, alirudi na vizimba viwili vya wavu. Kimoja kilikuwa na majike na madume wa kawaida, cha pili majike na madume wetu, na ndani ya kila kimoja chungwa safi. Akaomba vikae kwa mama mpaka atakaporudi. Mama akavilaza chumbani kwake, mkwe asije akachezea matokeo. Walipoyapasua machungwa pamoja, la kwanza lilikuwa linachezacheza kwa mabuu. La pili halikuwa na hata mmoja. Mama hakusifu wala hakuomba radhi. Alimwambia tu kwamba bomba la dawa limeingia stoo, na msumeno utasubiri msimu mmoja.

Msimu ule machungwa mengi bado yaliharibika, na Mshenga alikonda, nakumbuka vizuri. Mama akaongeza msimu mwingine bila kuombwa. Wa tatu, alituletea kapu kituoni, tukala mpaka viwiko vikalowa. Majirani wakaanza kuuliza zamu yao ya nzi ni lini. Nzi hawajaisha, tusidanganyane, lakini michungwa yote imesimama.

Mwezi uliopita nilifuatana naye katika uachiliaji wake wa mwisho. Tulimkuta mama mkwe, sasa anatembelea mkongojo, akisimamia uchimbaji wa mashimo ya miche mipya, kando ya michungwa ileile aliyotaka kuikata apande mahindi. Mche wa mchungwa huchukua miaka kadhaa kuzaa. Nilimpongeza kwa kuwapandia wajukuu. Alinitazama kana kwamba nimekosa adabu, akasema wajukuu watangoja zamu yao, la kwanza atalila yeye.

Mshenga, asante kwa kazi, kwa uvumilivu, hata kwa miluzi. Nenda salama, upate afya, na uishi ule chungwa la pili.