Kashata Isiyo na Karanga

Baridi ya Makambako mwezi wa saba haina adabu, inaingia hadi ndani ya soksi, ndiyo maana benchi la Odilo fundi pancha halikosi watu. Lipo pale barabara ya Njombe inapoachana na ile ya Mbeya, kushoto matairi mabovu, kulia birika la Shedrack muuza kahawa. Wenye benchi ni wawili. Geofrey anaitwa Katibu, kwa sababu aliwahi kuwa katibu wa kamati ya harusi moja na hajashuka cheo tangu siku hiyo. Praygod anaitwa Maabara; alifagia maabara ya zahanati fulani kwa miezi minne akatoka na udaktari kamili. Asubuhi hiyo, saa tatu na robo, Odilo alifungua karatasi ya kaki, akaweka vipande vinne vya kashata benchini, kisha akajifanya anatafuta pampu. Kusema kweli alikuwa anajivunia.

Katibu hakuvigusa.

— Nini hiki?

— Kashata.

— Kashata nazijua. Hii rangi siijui.

— Haina karanga, Odilo alisema. Nimeitengeneza mwenyewe, ya mwanangu Devotha ya kula shuleni. Kaenda na vipande vitatu kwenye kontena lake la chakula. Hivi vimebaki.

Maabara akainua kipande, akakinusa, akakirudisha taratibu kana kwamba kingeweza kulipuka.

— Sasa kashata bila karanga ni kashata ya nini?

Odilo akawaeleza tena, ingawa walikuwa wanajua. Devotha, mtoto wa miaka sita, alikula karanga konzi moja siku ya kipaimara cha binamu yake. Midomo ikavimba, macho yakazibika, pumzi ikawa inaingia kwa kuvutwa. Daktari akasema ni aleji, na akaonya kwamba mara ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Tangu hapo kila kinachoingia kwenye kontena anakipika Hosiana, mama yake. Ila juzi Hosiana kaitwa Lupingu kumuuguza mama yake mzazi, na zamu ikamwangukia Odilo. Usiku kucha aliota midomo ile. Hayo hakuwaambia.

— Aleji, Maabara alisema, akilivuta neno. Babu yako alikuwa nayo?

— Hapana.

— Bibi yako?

— Hapana.

— Basi imetoka wapi? Aleji haishuki tu stendi na begi lake.

— Hapa kuna mkono wa mtu, Katibu akadakia. Shule si imetoa barua?

— Imetoa. Darasa la awali lote, karanga marufuku.

— Mume wa mwalimu mkuu analima nini?

— Sijui.

— Alizeti. Heka nane. Na ndani ya hicho kipande chako kuna nini?

Odilo akasita.

— Kuna alizeti.

— Mimi sina la kuongeza, Katibu alisema, kisha akaongeza kwa dakika tano.

Shedrack akamimina kahawa kwa hasira, nusu ikaenda chini. Yeye anauza kashata za karanga, na tangu ile barua watoto wakipita pale wanahamia upande wa pili wa barabara.

— Mtoto wako kavimba kwa karanga za kipaimara, alisema. Mbona ninayeogopwa ni mimi?

— Hakuna aliyekutaja, Shedrack.

— Hamnitaji, ila hamzili.

Maabara akainua kidole. Alikuwa amesubiri zamu yake.

— Nyie mnakimbizana na alizeti, na alizeti ni chambo tu. Dili lenyewe ni parachichi. Sikilizeni. Mtoto akizoea tangu awali kukaa bila karanga, mwili unaanza kutafuta mafuta. Mafuta yako wapi Njombe hii? Kwenye parachichi. Na parachichi zote zinakwenda nje. Mwisho wa siku mtoto wako anatumwa dukani kununua parachichi la kwao wenyewe, liko kwenye chupa.

— Kwa hiyo midomo ya mwanangu imevimbishwa na parachichi?

— Sijasema hivyo. Nimesema fuatilia.

Katibu akasogea karibu, akashusha sauti ingawa barabarani kulikuwa na malori tu.

— Hospitali walimtoa damu?

— Walimtoa.

— Ilirudi?

— Damu huwa hairudi, Katibu.

— Ehee. Sasa umeanza kunielewa. Kwenye ndege, nimesikia, karanga siku hizi hawazitaki. Sasa unganisha. Mtoto asiyekula karanga, damu yake imeshapimwa, jina lake liko kwenye barua. Hawa wanaandaa marubani.

— Devotha ni rubani?

— Wameshamchagua. Usilitangaze.

Odilo akacheka, na kicheko kikamtuliza kidogo. Lakini moyoni alitamani mmojawapo wa wale wajinga awe amesema kweli. Mkono wa mtu unaweza kuushika, ukamfuata mwenyewe nyumbani kwake mkamalizana. Karanga utaifuata wapi.

Mama mmoja alikuwa amekuja kukaa ncha ya benchi, mkoba magotini, anasubiri gari la Ludewa. Alikuwa anarudi kwao Mlangali.

— Kamwene, mama, Katibu akamsalimu. Karibu kahawa. Hicho kipande usikile kwanza, bado tunakichunguza.

Mama akakichukua, akakila chote.

— Kitamu, alisema. Umeweka nini, baba?

Odilo akapata nguvu. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kula kazi yake.

— Mbegu za maboga, alizeti, ngano ya Ipelele, ndizi mbivu, asali. Nimekaanga mbegu na ngano, nikazitwanga kidogo zisiwe unga. Nikachemsha asali, nikachanganya vyote, nikashindilia kwenye sinia. Ilipopoa nikakata. Mke wangu alinielekeza kwa simu.

— Umetwangia nini?

— Kinu. Hosiana yeye huponda kwa chupa, ila mimi niliona inachelewesha. Nikaazima kinu kwa jirani, Mama Remmy.

— Ukakiosha?

— Kinu cha mti, mama, kinaoshwa? Kitaoza. Nilikikung'uta nikapitisha mkono, kama watu wote.

— Hata kwetu hatuoshi, mama alisema, akijifuta makombo. Na kinu kizuri huwa kinazunguka mtaa mzima. Wa kabla yako alitwanga nini?

Katibu akamtazama Maabara. Maabara akatazama ndani ya kikombe chake. Shedrack akaweka birika chini. Mtaa ule hakuna nyumba inayopika mboga za majani bila karanga za kutwanga.

Ilikuwa saa nne kasorobo, na watoto hutoka kula saa nne. Odilo akampigia mwalimu wa Devotha, simu ikaita hadi ikakata. Akapiga tena, haikupokelewa. Katibu akamwekea ufunguo wa pikipiki yake mkononi bila kusema neno, jambo ambalo benchi lile halijawahi kuliona.

Alipofika shuleni watoto walikuwa tayari nje, wameenea kwenye majani, makontena wazi. Alipita katikati yao akiita. Alimkuta Devotha pembeni ya ukuta wa darasa, peke yake, kontena limefungwa magotini. Odilo akapiga magoti, akamshika uso, akaugeuza huku na huku kwenye jua. Midomo ilikuwa midomo yake ya kila siku.

— Umekula?

— Bado.

— Kwa nini hujala?

— Mama kasema niulize kwanza. Asubuhi nilikuuliza, ukasema twende tunachelewa.

Akafungua kifuniko, akamsogezea. Vipande vitatu vilikuwa vizima.

— Zina nini, baba?

Odilo, aliyewatajia watu wa benchi kila kitu kimoja kimoja muda si mrefu, alikaa chini kwenye majani kando ya mwanawe. Hakujua.